Maziwa yangu yamepimwa yakakutwa na bakteria: ni hatari kwa mtoto, au ndio kinga yenyewe?

#1 Mama Chipukizi
Salaam, wakubwa kwa wadogo. Nina mtoto wa wiki tano ambaye tangu azaliwe hajaonja kitu kingine isipokuwa maziwa yangu. Juma lililopita titi la kushoto liliniuma na kuwa gumu upande mmoja, nikaenda kuangaliwa, na maziwa yakachukuliwa yakaoteshwe maabara. Karatasi ya majibu inasema wameota bakteria wa jamii ya stafilokoki. Aliyenikabidhi karatasi hakunieleza zaidi, aliniambia tu nirudi baada ya siku tatu. Tangu jana namnyonyesha mtoto titi la kulia peke yake, la kushoto nalikamua na kumwaga, na kila ninapomwaga roho inaniuma.

Usiku nikasoma kwamba maziwa ya kila mama yana bakteria, na kwamba hao hao ndio wanaomkinga mtoto dhidi ya vijidudu vya maradhi. Nimebaki njia panda. Kitu kimoja kinawezaje kuwa tatizo kwenye karatasi ya maabara na kuwa kinga kwingineko? Na bakteria hao waliingiaje ndani ya titi? Mwenye elimu anieleweshe, na mwenye yaliyomkuta aseme pia.

#2 Mkunga Mstaafu
Hongera kwa kulea, mwanangu. Naanza na hilo la kumwaga, kwa sababu haliwezi kusubiri mjadala. Kama mtoto wako alitimiza miezi yake tumboni na ana afya, uvimbe wa titi si sababu ya kumnyima titi hilo. Mnyonyeshe yote mawili kama alivyozoea, wala usilikamue kupita mahitaji yake kwa nia ya kulisafisha, maana titi linalokamuliwa mno hutengeneza maziwa zaidi na uvimbe ukaongezeka. Lakini ukipata homa, ngozi ikawa nyekundu na ya moto, au ukaona usaha au bonge lisilopungua, usingoje siku tatu. Nenda siku hiyo hiyo.

Hayo mengine ya bakteria wanatoka wapi nawaachia wenye darubini.

#3 Darubini
Shikamoo, mama mkunga, na asante kwa kutangulia na la muhimu. Mimi nafanya kazi maabara, kwa hiyo nitaeleza karatasi yenyewe.

Stafilokoki ni jina la ukoo, si jina la mtu. Katika ukoo huo yumo anayesababisha majipu na uambukizo wa titi, na yumo mwingine ambaye ni mkazi wa kudumu wa ngozi ya kila mmoja wetu, na huyu wa pili ni miongoni mwa bakteria wanaoonekana mara nyingi kabisa katika maziwa ya akina mama wasio na tatizo lolote. Kwa hiyo kuambiwa kwamba stafilokoki ameota, bila kuambiwa ni yupi na kwa wingi gani, ni sawa na kuambiwa kwamba mtu wa ukoo fulani amepita nyumbani kwako. Mama Chipukizi, tazama kama kuna jina la pili na kama kuna hesabu.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba maziwa ndani ya titi hayana kiumbe hai, na aliyeonekana alihesabiwa kuwa ameingia wakati wa kukamua. Mwaka 2003 makundi mawili, moja la Hispania na jingine la Ufini, yalichapisha matokeo yaliyotikisa imani hiyo. Wahispania waliwapata bakteria wa asidi ya laktiki katika maziwa ya akina mama wenye afya. Wafini wakaonyesha kwamba baadhi ya bakteria wa kawaida wa maziwa, wakioteshwa pamoja na yule stafilokoki wa majipu, humzuia asikue. Ukisoma hilo la pili utaelewa kwa nini kitu kimoja kinaitwa tatizo hapa na kinga pale: ndani ya tone moja wamo wanaopingana.

Ukadiriaji unaotajwa sana ni kwamba mtoto anayenyonya kiasi cha mililita 800 kwa siku humeza bakteria kati ya 100,000 na 10,000,000. Ni wengi kwa kuwahesabu, lakini ni wachache mno ukilinganisha na waliomo katika utumbo wetu.

#4 Baba Pacha
Swali la wameingiaje lina jibu jepesi: mtoto mwenyewe ndiye aliyewaingiza. Akina mama walipochunguzwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti wakati wa kunyonyesha, ilionekana kwamba maziwa hayaendi upande mmoja tu. Mfereji hutanuka yanapotoka, kisha sehemu ya maziwa hurudi ndani. Yanaporudi hubeba yaliyomo mdomoni mwa mtoto. Ndiyo maana katika maziwa hupatikana streptokoki wa aina ile ile wanaoishi kinywani. Nina pacha nyumbani, kila mmoja ana titi analolipenda, na sioni kwa nini tutafute maelezo ya mbali wakati mlango uko wazi mara kumi kwa siku.

#5 Chembe Hai
Baba Pacha, mlango huo upo, sikatai. Lakini dang'a, yaani maziwa ya siku za kwanza, iliyokamuliwa kabla mtoto hajanyonya hata mara moja nayo imekutwa na bakteria. Hao mdomo wa mtoto haukuwaleta, kwa kuwa mtoto alikuwa hajafika.

Maelezo mengine ni kwamba wanatoka katika utumbo wa mama. Kuna seli za kinga zenye matawi ambazo hupenyeza matawi yake kati ya seli za ukuta wa utumbo na kunasa bakteria. Inadhaniwa kwamba karibu na kujifungua baadhi ya seli hizo husafiri kupitia limfu na damu hadi kwenye titi zikiwa zimewabeba wakiwa hai. Katika kundi moja la akina mama, chembe za urithi za bakteria wale wale zilipatikana ndani ya seli za damu, katika maziwa na katika kinyesi cha mtoto. Binafsi naona haya ndiyo maelezo yenye maana zaidi, kwa sababu bakteria wa jamii ya bifidobakteria, ambao nao hupatikana katika maziwa, hawapendi hewa ya oksijeni, na ngozi au mdomo si makazi yao ya kawaida.

#6 Darubini
Ndugu Chembe Hai, nakubaliana nawe kwa robo tatu. Kusafiri kwa seli za kinga kutoka utumboni hadi kwenye titi ni jambo lililothibitika vizuri. Ndizo hutengeneza kingamwili dhidi ya vijidudu ambavyo mama amekutana navyo katika maisha yake. Lakini kwamba seli hizo hubeba bakteria hai, ushahidi wake umetokana zaidi na panya na akina mama wachache.

Kuna na jambo lingine linalotusumbua sisi wa maabara. Maziwa yana bakteria wachache, na vifaa vya kutafutia chembe za urithi vyenyewe huwa na mabaki ya bakteria. Sampuli ikiwa na viumbe wachache, mabaki hayo huonekana kama matokeo. Halafu chembe za urithi hazisemi kama mwenye nazo alikuwa hai au amekufa. Kwa hiyo mtu akikuorodheshea mamia ya aina za bakteria ndani ya maziwa, muulize kwanza kama alipima pia maji matupu kwa vifaa vile vile.

#7 Nuru
Mimi naongea kama mama, si kama mtaalamu. Mwanangu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati, akiwa na wiki 29. Siku za mwanzo sikuwa na maziwa ya kutosha, akapewa ya mama mwingine yaliyochangwa na kupashwa moto kwanza. Nilieleweshwa kwamba hupashwa hadi nyuzi joto 62.5 kwa dakika 30, na kwamba baada ya hapo karibu bakteria wote waliomo wamekufa, wema kwa wabaya.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Kwa watoto wa namna hii, hata maziwa hayo yaliyopashwa hupunguza ule ugonjwa wa kuoza kwa utumbo ukilinganisha na maziwa ya kopo. Kama kinga inatokana na bakteria hai, waliokufa walimkingaje mwanangu? Nimelibeba swali hili kwa miaka minne.

#8 Msomaji wa Usiku
Dada Nuru, swali lako ndilo bora kuliko yote katika uzi huu, na nadhani linatutoa kwa wageni na kutupeleka kwenye chakula chao.

Ukiondoa maji, kitu kilicho kingi zaidi katika maziwa ya mama ni laktosi, kisha mafuta, na nafasi ya tatu inashikwa na kundi la sukari zenye minyororo mifupi ziitwazo oligosakaridi, ambazo mtoto hana uwezo wa kuzimeng'enya. Aina zake zilizotambuliwa zinazidi 150. Katika dang'a hufika gramu 20 hadi 25 kwa lita, na baadaye hubaki kati ya gramu 5 na 15. Fikiria mwili wa mama uliochoka baada ya kujifungua, unatumia nguvu kutengeneza chakula ambacho mtoto atakitoa bila kukitumia. Hilo lilinishangaza hadi nilipoelewa kwamba mlaji si mtoto. Bifidobakteria wa utumbo mchanga wa mtoto, hasa yule aitwaye infantisi, huzivuta sukari hizo hadi ndani ya mwili wake na kuzila, wakati vijidudu vingi vya maradhi haviwezi. Anapozila hutoa asidi ya laktiki na asidi ya asetiki, utumbo ukawa mchachu, na vijidudu vinavyopenda mazingira yasiyo na uchachu hukosa raha. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha kwa panya kwamba asidi ya asetiki ya bifidobakteria huimarisha hata ukuta wa utumbo, sumu ya kijidudu hatari cha kuhara isipenye.

Sukari hizo zina kazi ya pili isiyohitaji bakteria yeyote. Umbo lake hufanana na sukari zilizoota juu ya ukuta wa utumbo, ambazo vijidudu hushika ili kujipachika. Kijidudu kikishika sukari inayoelea badala ya ukuta, hutoka na kinyesi. Huko Meksiko iliwahi kuonekana kwamba watoto ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na sukari fulani kwa wingi walipata kuhara kunakoletwa na bakteria aitwaye kampilobakta kwa nadra zaidi.

Sasa, dada: joto la nyuzi 62.5 huua bakteria, lakini sukari hizi haziharibiki. Nadhani hizo ndizo zilizomfikia mwanao.

#9 Baba Pacha
Kumbe mama hupika chungu cha mtoto na chungu cha wageni wa mtoto! Mke wangu amesoma maelezo ya Msomaji na kusema sasa anajua kwa nini ana njaa wakati wote. Nakubali kwamba mdomo wa mtoto peke yake hauelezi kila kitu, ila sijahama kabisa.

#10 Mkunga Mstaafu
Msomaji, umeeleza vizuri nikafurahi. Ila umewapa sukari sifa zote, na mimi nawatetea wengine waliosahauliwa. Dang'a ni maziwa ya siku za kwanza, machache, mazito na ya rangi ya njano, na yamejaa kingamwili zinazopaka ukuta wa utumbo wa mtoto kabla kijidudu hakijaufikia. Imo laktoferini inayoshika madini ya chuma ili vijidudu vinavyoyahitaji vikose. Imo lisozaimu inayovunja kuta za bakteria. Kupasha moto hupunguza hivi vyote, lakini haviishi kabisa. Kwa hiyo Nuru, huenda mwanao alikingwa na mabaki ya vitu vitatu au vinne kwa pamoja.

Tena, kabla ya maabara zote hizi tulikuwa tukitazama nepi. Kinyesi cha mtoto anayenyonya peke yake ni chepesi, cha njano, chenye harufu ya uchachu kidogo. Cha mtoto wa maziwa ya kopo ni kizito na harufu yake ni nyingine. Uchachu anaousimulia Msomaji tuliunusa miaka mingi bila kujua jina la anayeutengeneza.

#11 Darubini
Nyongeza fupi kwa mama mkunga: jina lilijulikana mapema kuliko wengi tunavyodhani. Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliwatambua bifidobakteria hao katika kinyesi cha watoto wanaonyonya mnamo mwaka 1899.

#12 Mlezi
Nimesoma yote na moyo umekuwa mzito. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miezi miwili, na anatumia maziwa ya kopo tangu siku ya pili. Je, mtoto wangu hana kinga?

#13 Mkunga Mstaafu
Pole sana, mwanangu, na Mungu amrehemu dada yako. Mtoto wako ana kinga yake mwenyewe inayokua kila siku, alipokea kingamwili za mama yake kupitia kondo la nyuma kabla ya kuzaliwa, na chanjo zake zinamsubiri. Asichokipata ni kile kinachoongezwa na maziwa, na pengo hilo unalipunguza kwa usafi. Maziwa ya unga hayajatakaswa kabisa hata kopo likiwa jipya, kwa hiyo maji ya kuchanganyia yachemshwe, na yawe bado na joto lisilopungua nyuzi 70 yanapokutana na unga. Kisha poza upesi hadi kiasi cha kunywewa, mnyweshe hapo hapo, na kinachobaki baada ya kunywa umwage. Chupa na chuchu yake zioshwe na kuchemshwa. Unafanya kazi kubwa.

#14 Mlezi
Asante, mama. Nilikuwa nachanganyia maji yaliyokwisha kupoa. Nimebadilisha kuanzia chupa ya leo mchana.

#15 Nuru
Kwa hiyo mnaonaje vidonge na unga wa bakteria wema? Mtoto wangu wa pili yuko njiani, na rafiki amenishauri ninunue ili nimpe mapema endapo naye atazaliwa kabla ya wakati.

#16 Chembe Hai
Kuna matokeo mazuri. Nchini India, katika jimbo la Odisha, watoto wachanga zaidi ya 4,500 waliotimiza au kukaribia kutimiza miezi yao walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliopewa laktobasili (bakteria wa asidi ya laktiki) wa aina moja pamoja na sukari ya kumlisha walipata uambukizo wa damu au kifo kwa asilimia 5.4, wakati wasiopewa ilikuwa asilimia 9. Na mwaka 2010 huko Hispania akina mama 352 wenye uvimbe wa titi waligawanywa, wengine wakapewa laktobasili waliotolewa katika maziwa ya mama na wengine antibiotiki, na wa laktobasili wakapona vizuri zaidi.

#17 Darubini
Takwimu zako ni sahihi, ndugu, ila uzipe mipaka yake. Wale watoto wa Odisha walikuwa na uzito wa kutosha, si wa wiki 29. Kwa watoto njiti, mwaka 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya mtoto mmoja kufariki kwa uambukizo uliotokana na bakteria huyo huyo mwema aliyepewa kama nyongeza. Utumbo ambao haujakomaa huvuja, na mgeni mwema akiingia kwenye damu si mwema tena. Utafiti wa uvimbe wa titi nao unahitaji kurudiwa na wengi kabla mama hajaambiwa aache antibiotiki alizoandikiwa. Dada Nuru, tafadhali usinunue kwa ushauri wa rafiki. Waulize watakaomhudumia mtoto.

#18 Msomaji wa Usiku
Narudi kuyapinga maelezo yangu mwenyewe, kwa sababu nimekumbuka jambo linalonisumbua. Katika jamii nyingi, kiasi cha mama mmoja kati ya watano hawatengenezi kabisa ile sukari iliyohusishwa na kinga dhidi ya kampilobakta, kwa kuwa wamerithi jeni isiyofanya kazi hiyo. Watoto wao hunyonya na kukua kama wengine. Kama sukari hiyo ndiyo nguzo, nyumba yao imesimama juu ya nini? Huenda sukari nyingine hujaza nafasi, huenda mama mkunga ana haki na laktoferini yake.

#19 Chembe Hai
Au huenda bakteria wenyewe. Mwaka 2017 zilichapishwa hesabu za akina mama na watoto 107 wa Marekani: katika mwezi wa kwanza, kwa watoto walionyonya zaidi, karibu asilimia 28 ya bakteria wa utumbo wa mtoto walilingana na wa maziwa ya mama yake, na asilimia 10 na wa ngozi ya titi. Na katika utafiti wa akina mama 393 wa Kanada, maziwa ya wanaonyonyesha moja kwa moja yalitofautiana kwa bakteria na ya wanaokamua kwa pampu. Baba Pacha, hilo la mwisho nakupa wewe, kwa maana linaupa nguvu mdomo wa mtoto.

#20 Baba Pacha
Nimelipokea kwa mikono miwili. Nitalisoma kwa sauti nyumbani.

#21 Mama Chipukizi
Nimerudi kutoka kuonana na daktari. Stafilokoki wangu ni yule mkazi wa ngozi, na ni wachache. Daktari amesema maumivu yalikuwa ya uvimbe, si uambukizo, na ugumu umepungua. Nilipouliza walitoka wapi, yeye alisema ni kwenye ngozi yangu, muuguzi aliyekuwa kando akasema ni mdomoni mwa mtoto. Nikawaza Baba Pacha ana ndugu pale.

#22 Darubini
Nimefurahi sana. Niulize jambo moja: siku ile ya kuchukua maziwa, ulisafishwa chuchu, na matone ya kwanza yalimwagwa kabla ya kukinga?

#23 Mama Chipukizi
Hapana, ndugu. Nilipewa kichupa nikakamua tu.

#24 Darubini
Basi hata karatasi yenyewe haiwezi kutuambia kama walikuwa ndani ya titi au juu yake.

#25 Chembe Hai
Hata kama walikuwa juu, wako ndani ya ile asilimia 10. Mtoto aliwapata vilevile.

#26 Mama Chipukizi
Yote sawa kwangu kwa leo. Titi la kushoto alilikataa mara mbili jioni, nadhani kwa kuwa alikuwa amelisahau. Mara ya tatu amelipokea, na sasa amelala nalo mdomoni, nami naandika kwa mkono mmoja.